Mama Kalafati na Ukuta wa Upande wa Bahari

Ndugu, majirani, mafundi waliofanya kazi na marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, familia inawaomba msikilize maisha yake kama yalivyokuwa, bila kupakwa rangi, kwa sababu mwenyewe hakuna alichokichukia kama rangi iliyopakwa juu ya ubao uliooza. Anayewasomea ni mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa naye yumo ndani ya habari hii, tena si kwa sifa njema, anaomba ajitaje kama wanavyotajwa wengine, ili sauti imfikishe mwisho wa karatasi.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958, alfajiri ya saa kumi na moja, katika chumba cha juu cha ghala la zamani la chumvi, lile lililosimama miguu majini mwisho wa barabara ya gati, ambako baba yake alikuwa mlinzi na mama yake alishona magunia. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano, ambao sasa amebaki mmoja tu, mjomba wetu, kitinda mimba wao, mnayemwona pale mbele. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lililotazama maji na kuta za mawe zilizonywa chumvi kwa miaka mia moja, na bibi alizoea kusema kwamba mwanawe huyu hakulelewa kwa maziwa peke yake, kwani kila alipowekwa chini alitambaa hadi ukutani akaulamba.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari mwaka 1972 hadi 1975, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila daftari lake la hesabu lilijulikana shule nzima kwa sababu pembezoni mwa kila ukurasa alichora milango, madirisha na bawaba. Februari 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, kozi ya useremala, akiwa msichana peke yake kati ya wavulana thelathini na wanne. Siku ya kwanza mwalimu alimtazama kutoka mlangoni akamwambia, "Binti, ushonaji uko jengo la pili," naye akajibu, "Nimeliona, mwalimu, nimepita hapo nikija huku," akaingia, akachagua benchi lililokuwa karibu na dirisha, na mwaka 1978 alipotoka chuoni, randa ya mwalimu yule alikuwa nayo yeye, amepewa kwa mkono na kwa heshima.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza mashua za zamani za matanga, zile za mbio na za starehe zilizoundwa kwa mbao kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ambazo wenyewe huzipenda kuliko jamaa zao. Alianzia kazi iliyokimbiwa na wote, kukalafati, yaani kulala chali chini ya mashua na kusukuma pamba na lami katikati ya mbao hadi maji yakose njia, na kwa kuwa alitoka chini ya mashua uso mweusi meno meupe, wakamwita Mama Kalafati kabla hajawa mama wa mtu. Alijifunza kubadilisha taruma moja, yaani ubavu wa mashua, bila kulisumbua la pili, alijifunza kuupika ubao kwa mvuke mpaka ukubali kukunjwa, na alijifunza neno alilolirudia maisha yake yote, kwamba fundi mbaya anauliza kipi cha kutoa, fundi mzuri anauliza kipi bado kinaweza kufanya kazi. Kutoka mashua alihamia majengo, kwa sababu aliona ni ugonjwa uleule, maji na mbao, na kati ya mwaka 1988 na 2009 mikono yake ilirudisha uhai katika ofisi ya zamani ya mkuu wa bandari, katika mnara wa taa, katika maghala manne ya barabara ya gati na katika ngazi ya mzunguko ya jengo la posta, ambayo wengi wenu mmeikanyaga bila kujua kwamba kila kidato chake kiliwahi kulala sakafuni kikiwa na namba ya chaki.

Jumamosi, tarehe 24 Novemba 1984, alifunga ndoa na baba yetu, aliyekuwa fundi wa kushona matanga ya mashua, mtu mrefu, mpole, mwenye sindano tatu mfukoni na utani usioisha. Vijana wa karakana walimcheka bibi harusi kwamba ameambiwa achague mume akaamua kuolewa na matanga, wakimuuliza kama watu wavae nguo za sherehe au waje na leso za kulilia, naye bwana harusi akasimama akasema, "Matanga yangu yanapeleka watu, hayasindikizi watu," ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwaka 1987 walikodi ghala lile lile la chumvi, lililokuwa limeachwa kwa popo, wakaligeuza karakana yao, mbao chini, matanga juu, na mtu aliyesimama kwenye ngazi aliweza kusikia randa ikikwaruza miguuni pake na cherehani ikinguruma kichwani pake kutwa nzima. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza, mwanamume, tarehe 3 Juni 1986, na wa pili, mwanamke, tarehe 17 Januari 1990, ambaye alirithi sindano za baba na hadi leo anashona matanga. Yule wa kwanza alisomea ujenzi, na Septemba 2010 akaajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa majengo ya halmashauri, jambo lililomfurahisha mama hata akabandika barua ya ajira ukutani, juu ya benchi lake, kwa misumari minne ya shaba.

Hapa ndipo familia ilipokaa siku tatu ikibishana kama yasomwe au yafunikwe, na dada mtu ndiye aliyekata shauri, aliposema, "Mama hakuwahi kufunika kitu, kaka, soma."

Mwanzoni mwa mwaka 2012 ukuta wa upande wa bahari wa ghala lile ulianza kufanya kitumbo. Ndani, chini, kulikuwa na mashua ya mwaka 1931, urefu wa futi arobaini na mbili, ambayo marehemu na mumewe walikuwa wameishughulikia kwa miaka sita, na juu kulikuwa na matanga yake mapya yaliyokuwa yakimaliziwa. Halmashauri ilikuwa ikitafuta sababu ya kulibomoa ghala ili kupanua gati, jambo ambalo kila mtu mtaani alilijua, na marehemu aliona wazi kwamba jengo likifungwa hata kwa wiki moja halitafunguliwa tena. Kwa hiyo alitengeneza nguzo za mbao za kuegemeza ukuta, akaukagua yeye mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na leseni, akatia sahihi karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi inaweza kuendelea ndani.

Jumanne, tarehe 10 Aprili 2012, mchana, mtoto wa kwanza alikwenda kuutazama ukuta huo kwa niaba ya ofisi yake. Alipomaliza alimwambia mama yake, "Mama, huu ukuta una mimba, na sijui siku ya kujifungua. Nguzo za mbao hazitoshi. Mawe yanatakiwa yashikwe kwa nyuma, kwa chuma."

Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi nimezaliwa ndani ya ukuta huu. Naujua."

"Kuujua siyo kuushikilia, Mama."

"Nipe mpaka Ijumaa nitoe mashua. Ijumaa ufunge, ukipenda ufunge na mimi ndani."

Mtoto yule alirudi ofisini, akaandika taarifa ya kusimamisha kazi mara moja, akaitia sahihi, akaiandika tarehe, na sheria ilimtaka aikabidhi kabla ya ofisi kufungwa siku ileile. Hakuikabidhi. Aliitia mkobani akaondoka nayo, kwa sababu alimwogopa mama yake kidogo, alimpenda sana, na zaidi ya yote alitaka mama aje amwombe, akiri kwamba mtoto amejua kitu asichokijua yeye.

Jumatano, tarehe 11 Aprili 2012, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ukuta ulianguka. Mtoto wa kwanza alikuwa amefika dakika chache kabla, ameweka mkoba wake kwenye benchi la nje akiongea na fundi mwashi, mama alikuwa chini upande wa barabara, na baba alikuwa juu akilikunja tanga kubwa ili walishushe. Hakukuwa na kelele ya kuonya, mafundi waliokuwepo watawaambia, ulisikika mlio kama wa mtu anayevuta gunia sakafuni, kisha mwanga wa bahari ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia. Marehemu alichimba kwa mikono kwa saa mbili na nusu, akikataa kuondolewa, akiyatoa mawe moja moja na kuyapanga pembeni kwa mazoea ya kazi, na alipompata mumewe alikuwa amefunikwa na tanga lenyewe, uso hauna hata mkwaruzo, hana pumzi.

Siku ya pili yake, alipokuwa akitafuta simu iliyokuwa ikilia ndani ya mkoba ulioachwa kwenye benchi, marehemu aliiona taarifa ile. Aliisoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, na sahihi, na tarehe. Akairudisha kama ilivyokunjwa, akaufunga mkoba, akampa binti yake ampelekee kaka yake, wala hakumwambia mtu.

Jumamosi, tarehe 14 Aprili, kaburini kwa baba, mbele ya watu, wengine wao mko hapa leo, mtoto wa kwanza alimgeukia mama yake akamwambia, "Umemuua baba kwa ajili ya mawe." Marehemu alikuwa na jibu, mnasikia sasa kwamba alikuwa nalo, lakini aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mwanangu," basi. Na Julai mwaka huohuo, kamati ya uchunguzi ilipomuuliza kama kuna ofisa yeyote aliyemwonya kwa maandishi au kwa mdomo, alisema hakuna, hata mmoja, sahihi ni yangu na kosa ni langu. Kamati ikaandika kwamba ajali ilitokana na uzembe wake peke yake, akanyang'anywa leseni kwa miaka mitano, na mtoto wake akapandishwa cheo, akahamia mji mwingine, na hakuzungumza naye kwa miaka kumi, miezi tisa na siku ishirini na tatu.

Miaka hiyo marehemu aliiishi vipi, binti yake ndiye shahidi. Aliyaokota mawe yote, elfu moja mia nne na kumi na mawili, akayaandika namba, na maji yalipopanda yakayafuta maandishi, akaandika upya. Aliandika barua thelathini na moja kwa halmashauri kuomba jengo lisibomolewe, thelathini hazikujibiwa. Watu waliomwonea huruma walimwambia aache, kwamba ghala lile limeshamla mume na sasa linamla yeye, naye alikuwa akiwajibu, "Likibomolewa, atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?" Alikuwa akizungumza na mumewe kwa sauti ya kawaida, akimuuliza gundi iko wapi, kisha ananyamaza katikati ya sentensi, anakaa, na binti anamkuta saa nzima baadaye amekaa palepale, patasi mkononi. Kila siku ya kuzaliwa ya mwanawe alimpigia simu, simu ikaita mpaka ikakatika, naye akaweka chini akisema, "Yuko kazini."

Barua ya thelathini na moja ilijibiwa Machi 2016, ruhusa ikatoka, kwa sharti kwamba kazi isimamiwe na mhandisi na marehemu asiwe fundi mkuu. Alikubali. Mwanamke aliyeirudisha hai nusu ya barabara ya gati alichanganya chokaa na kubeba mawe katika jengo lake mwenyewe, akiamrishwa na watu aliowafundisha kushika nyundo, na ukuta ulikamilika tarehe 30 Agosti 2019. Kisha akaigeukia mashua, iliyokuwa imevunjika mataruma kumi na manne, akaanza upya, peke yake.

Mwezi Oktoba 2020 alianza kukohoa, na Januari 2021 madaktari walituambia kwamba mapafu yamejaa makovu, kutokana na vumbi la mabati ya asbesto aliyoyang'oa juu ya mapaa ya zamani kwa miaka ishirini bila kuziba pua, wakati hakuna aliyekuwa akiziba. Walisema hakuna dawa ya kuyarudisha, kuna ya kupunguza maumivu tu. Aliuliza swali moja, kama atapata muda wa kuweka mbao arobaini za mashua, na daktari, ambaye hakujua mbao ni kazi ya siku ngapi, akamwandikia dawa ya maumivu. Binti alimpigia kaka yake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, na kila mara kaka alisema ana kazi nyingi.

Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, mtoto wa kwanza alikuja. Hakuja kwa mama, alijidanganya hivyo, alikuja na kofia ya kazi na rula, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaupima kwa saa mbili. Marehemu alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya mashua, mrija wa oksijeni puani, akimtazama bila kumsemesha, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. Mwishowe mtoto akauliza, akiwa amempa mgongo, "Mmeushika kwa kitu gani huku nyuma?"

"Kila jiwe la tano lina kiungo cha chuma kisichoshika kutu."

"Mhandisi ndiye aliyesema?"

"Mhandisi alisema la saba. Wewe ulisema yashikwe. Nikaongeza."

"Ulinisikia siku ile?"

"Nilikusikia. Nilidhani nina siku tatu."

Mtoto akakaa. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa, na tangu Machi alichukua likizo akawa anashika upande wa pili wa ubao, kwa sababu ubao wa mashua hauwekwi na mtu mmoja, ingawa marehemu alikuwa ameweka ishirini na tisa hivyo hivyo, kwa kamba na kabari na ukaidi. Tarehe 21 Machi, wakiwa wanasubiri ubao uive kwenye mvuke, mtoto alimweleza habari ya taarifa ile, yote, kama mtoto mdogo, mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Mama akasema, "Najua. Mkoba wako niliufunga mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake."

"Nikakwambia vile kaburini, nawe ulikuwa unajua? Kwa nini hukusema, Mama?"

Akamwambia, "Ningesema ili iweje? Wangekufunga. Nilikuwa nimekwisha zika mmoja wiki ile." Kisha akaangalia saa akamwambia avae glavu, ubao uko tayari.

Hakumruhusu kupiga magoti wala kuomba msamaha kwa maneno marefu, alisema pumzi zake zimehesabiwa na hataki kuzimalizia kwenye kilio. Tarehe 11 Mei hali ilibadilika akalazwa, wodi ya tatu, kitanda cha kona. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 18 Mei 2023, mtoto alikuwa amemshika mkono, naye akamuuliza kama ule ubao wa thelathini na sita umeshawekwa kwenye mvuke, akaambiwa fundi mwenzake ameuweka tangu saa moja, akasema, "Basi unafanya nini hapa? Ukipoa utapasuka. Nenda." Mtoto akasema hatakwenda. Mama akasema, "Nenda, baba, nitakusubiri." Akaenda. Ubao ulikubali, ulikaa pale pale, na alipokuwa akipiga msumari wa tisa, saa tatu na dakika arobaini, dada yake alipiga simu. Marehemu hakusubiri. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi tisa na siku tisa.

Jana, Jumatatu, saa tatu asubuhi, mtoto huyo aliipeleka katika ofisi ya ukaguzi wa majengo taarifa ya tarehe 10 Aprili 2012, pamoja na barua ya kueleza mahali ilipokaa miaka yote hiyo, akagongewa muhuri wa kupokelewa. Ameomba maneno "uzembe wake peke yake" yafutwe kwenye kumbukumbu za kamati, ameambiwa asubiri kuitwa, na amesema ataitika popote atakapoitwa. Wapo watu wa ofisi hiyo hapa leo, na familia haiwaombi kitu kingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, hasa muuguzi aliyekubali kipande cha ubao kiwekwe chini ya mto wa mgonjwa kinyume cha taratibu, tunawashukuru majirani wa barabara ya gati, waliompelekea chakula wakati ambapo hata sisi wanawe hatukumpelekea, na tunawashukuru mafundi, waashi na washona matanga waliofunga karakana zao leo. Mashua ya mwaka 1931 bado iko juu ya magogo, imebakiza mbao nne, na binti yake ameanza kukata kitambaa cha tanga kubwa jipya.

Mama, wewe ulisema kosa ni lako, na mbele ya watu hawa wote tunasema halikuwa lako peke yako. Shusha pumzi sasa, Mama yetu, ulale mahali pasipo na vumbi.